Rupia ya Mjerumani Ikwiriri: fedha au bati?

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la kusini, baada ya Kibiti unafika Ikwiriri, mji wa samaki wa mtoni na mikeka, kabla ya kuvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Ni mji wa kupita haraka, lakini ardhi yake ina mengi. Ngarambe, alikogawa dawa Kinjikitile Ngwale mwaka 1905, iko wilaya hii hii ya Rufiji. Enzi hizo Wajerumani walidai kodi ya rupia 3. Miaka kumi baadaye, meli yao ya kivita Königsberg ikaishia kwenye delta.

Kwa hiyo mtu akisema ameokota rupia shambani kwa babu yake, inawezekana kabisa. Na kwa sababu inawezekana, matapeli wanapata wateja. Familia huuza ng'ombe, hata shamba, kununua sarafu za bati.

Rupia 1 halisi ina uzito wa gramu 11.66, na fedha ni asilimia 91.7. Upande mmoja kuna Kaisari Wilhelm II, kofia yake ina tai. Mwaka utazame vizuri: rupia 1 ya fedha ya mwisho ni ya 1914. Akikuletea ya 1916, usihangaike hata kupima. Mwaka huo, vita vikiwa vimepamba moto, Tabora zilitengenezwa sarafu za heller za shaba na za rupia 15 za dhahabu.

Sumaku husaidia nusu tu. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa bado si uthibitisho, maana shaba nayo hainasi. Mizani ya sonara ndiyo inayoumbua: shaba iliyochanganywa na nikeli ni nyepesi kuliko fedha, hivyo sarafu bandia ya ukubwa ule ule hutoa kama gramu 10. Na anayedai rupia yake "hai" inavuta punje za mchele, muache aende zake. Fedha haivuti mchele.

Ughushi huu si wa Rufiji peke yake. Sarafu za China zenye kichwa cha Yuan Shikai, za kuanzia 1914, zinaghushiwa sana. Halisi ina fedha asilimia 89 hivi na uzito wa karibu gramu 27, na mizani ndiyo inayoanza kuziumbua pia.

Tahadhari ya nyumbani: usisafishe sarafu kwa maji ya betri wala zebaki. Mvuke wa zebaki huharibu ubongo na figo, na watoto huumia zaidi. Kusugua nako hupunguza bei kwa wakusanyaji.

Bei yenyewe? Rupia 1 ina gramu 10.7 za fedha safi. Miaka michache iliyo adimu huongezewa kitu na wakusanyaji, lakini hakuna inayolingana na ekari ya mikorosho inayouzwa ili kuinunua.