Nilipaka Rangi Juu ya Unyevu



Leo nataka kuwasimulia habari ya sakafu ya banda letu la pikipiki. Najua wengine mtacheka na kusema, "Huyu mama amekosa la kuandika." Lakini sakafu hiyo ilimvunja mkono mama mkwe wangu, na nusura ivunje amani ya ndoa yangu. Kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Sisi tunaishi Mamba, huku Mpimbwe, mkoa wa Katavi, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Lyambalyamfipa. Ni nchi ya mpunga na mahindi. Mvua zikianza, ardhi hunywa maji kwa miezi mingi. Ubavuni mwa nyumba tuna banda la matofali ya kuchoma, meta 5 kwa 4. Upande wa mlangoni mume wangu hulaza pikipiki na pawatila, na upande wa ndani mimi huweka magunia ya chakula. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopigwa niru miaka mingi iliyopita. Pikipiki ilidondosha oili na pawatila ilidondosha dizeli. Watoto walipita humo peku, wakaingia nayo hadi vitandani. Magunia ya chini yakaanza kunuka dizeli, na kila nilipochota mchele nilikuwa na manung'uniko moyoni.

Basi, siku moja nilikwenda Mpanda mjini kwenye mkutano wa kina mama. Nikafikia kwa dada mmoja ambaye gari lao hulala katika chumba chenye sakafu ya kijivu, inayong'aa kama sahani. Tone la oili likidondoka, yeye huchukua kitambaa akafuta, basi. Nilisimama mlangoni nikaitazama sakafu ile kwa macho ya tamaa. Sikuuliza ilitengenezwaje wala chini yake kuna nini. Niliona mng'aro tu.

Kesho yake, kabla ya kupanda basi, niliingia duka la vifaa vya ujenzi nikanunua makopo mawili ya rangi ya mafuta. Fedha nilizotumia zilikuwa mgao wangu wa VICOBA, na mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba ni za mbolea ya kukuzia mahindi. Njia nzima, tangu Sitalike hadi Kibaoni na kuendelea, nilikuwa natunga maneno ya kusema nikifika. Nilipofika nilisema, "Baba watoto, yule dada amenipa rangi iliyobaki katika ujenzi wake." Mume wangu akafurahi, akamwombea baraka. Nami nikaitikia "Amina".

Mng'aro wa wiki tatu

Nilipaka Jumamosi moja ya Januari. Nilifagia, nikapiga deki, na sakafu ilipoonekana imekauka nikaanza kupaka. Ilipendeza! Majirani walikuja kuangalia. Nikasikia fahari ambayo si nzuri kwa Mkristo.

Wiki ya tatu yakatokea malengelenge. Nililipasua moja kwa ukucha, nikakuta ndani yake maji. Kisha magurudumu ya pikipiki, yakiingia na joto la safari, yakawa yanaondoka na vipande vya rangi kama maganda ya kitunguu. Pale ambapo rangi ilishika, oili ilitandaa juu bila kunywewa, sakafu ikateleza kuliko zamani.

Asubuhi moja mama mkwe aliingia na ungo wake kuchukua mpunga. Nilisikia kishindo, kisha sauti, "Uwii, mwanangu!" Nilimkuta amekaa chini, kifundo cha mkono wa kulia kimekwisha kuvimba. Alifungwa hogo, akakaa nalo wiki sita. Mama yule ndiye aliyenipokea katika ukoo huu na kunifundisha kila kazi ya nyumba ya huku.

Jioni ile ile mume wangu aliniambia, "Mama watoto, nipe zile fedha, mbolea imefika." Nikakosa la kujibu. Usiku, watoto walipolala, nikamwambia yote: rangi, fedha na uongo. Hakupiga kelele. Alitoka nje, akakaa sana. Aliporudi alisema, "Fedha zitapatikana. Kinachoniuma ni kwamba nilimwombea baraka mtu asiyetoa kitu, na wewe ukaitikia amina." Maneno hayo yalinichoma kuliko ugomvi wowote.

Mwaka huo shamba moja lilikosa mbolea ya kukuzia, na mavuno yake yalionyesha. Sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Mkono wa mama mkwe

Siku kadhaa baada ya kuanguka, mama alitaka apelekewe kigoda bandani. Aliketi, akainama, akaibandika sakafu kwa upande wa nyuma wa mkono wake wa kushoto, ule mzima. Akatulia hivyo kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba hii inatoka jasho kwa chini. Sisi tulipokuwa tukisiriba kwa udongo na samadi, tulingoja tabaka la chini likauke kabisa. Ukisiriba juu ya unyevu, unafunika tu. Hakushiki."

Baadaye tulimwita fundi mwingine, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Naye alisema yale yale kwa njia yake. Alikata kipande cha nailoni, akakitandaza sakafuni na kukizibia kingo zote kwa gundi ya utepe. Kesho yake alikibandua mbele yetu. Chini yake kulikuwa na matone ya maji, na saruji imegeuka nyeusi. Akaeleza kwamba zege lile lilimwagwa juu ya udongo mtupu bila nailoni chini yake. Maji ya ardhini hupanda kupitia vinyweleo vya zege. Sakafu ikiwa wazi, unyevu huruka hewani na wala huuoni. Ukiifunika kwa rangi, unyevu hukosa njia, husukuma, na rangi huvimba.

Kisha akadondosha matone ya maji pale ilipokuwa ikilala pawatila. Yalisimama kama juu ya jani la gimbi. "Hapa oili imeingia ndani," akasema. "Pasiponywa maji, pasipakwe kitu." Akagusa pia niru mahali ilipobaki wazi: ilikuwa laini kama kioo, rangi haikuwa na pa kung'ang'ania. Makosa yangu yalikuwa matatu, na hata rangi ya bei kubwa kuliko zote isingeyaponya.

Kuchagua kwa pamoja

Safari hii tuliketi watatu, mume wangu, mama na mimi, tukiwa na daftari. Fundi alitueleza njia zilizopo.

Ya kwanza, kuacha saruji wazi na kuweka sinia la mchanga chini ya injini. Ni rahisi, lakini saruji hunywa kila kinachomwagika. Ya pili, niru. Inafaa sana penye chakula, maana hufagiliwa vizuri na haina nyufa za kuficha wadudu, lakini penye oili huteleza. Ya tatu, rangi ya mafuta ya kawaida. Hiyo tulikuwa tumekwisha kuonja. Ya nne, rangi ya epoksi, ambayo huja katika mikebe miwili, mmoja wa rangi na mmoja wa dawa ya kuigandisha. Hiyo haiogopi oili wala dizeli na huvumilia magurudumu, lakini ni ghali, na haikubali unyevu hata kidogo.

Mama akauliza, "Kwa nini sakafu yote iwe ya namna moja? Mbona jikoni na chumbani hatusiribi sawa?" Swali hilo lilimaliza mjadala. Tukaamua kuibomoa sakafu yote, upande wa magunia tupige niru, na upande wa magurudumu tu tupake epoksi. Na tukaamua kungoja mavuno. Mimi, niliyekuwa na haraka ya Januari, nikangoja hadi Julai.

Kazi yenyewe

Tulifukua sakafu ya zamani, tukashindilia mawe, tukamwaga mchanga juu yake, kisha tukatandaza nailoni nzito isiyo na tundu, kingo zake zimepandishwa ukutani. Zege la unene wa sentimeta 10 lilikula mifuko 13 ya saruji, kwa kipimo cha saruji ndoo moja, mchanga mbili na kokoto nne. Fundi aliweka mteremko kidogo kuelekea mlangoni. Juu yake akasawazisha kwa saruji na mchanga: upande wa ndani akapiga niru kwa mwiko wa chuma, upande wa magurudumu akamalizia kwa ubao, ili pabaki na ukwaru.

Tulifunika yote kwa magunia na kuyamwagilia maji siku 7. Saruji hugumuka kwa kushikana na maji. Ikinyimwa maji mapema hupasuka na kutoa vumbi. Baada ya hapo tukaiacha ikauke zaidi ya siku 28. Majirani waliuliza, "Mbona banda halitumiki?" Mume wangu akajibu kwa kicheko, "Tunangoja jasho likauke."

Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, tulirudia kipimo cha nailoni. Safari hii chini yake palikuwa pakavu. Tukasugua upande wa magurudumu kwa brashi ya waya kuondoa unga wa saruji, tukafagia, tukafuta vumbi lote kwa kitambaa kikavu. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao, maana harufu ya epoksi ni kali na ikigusa ngozi inaweza kuiwasha vibaya. Tukavaa glavu, tukafungua mlango na madirisha. Mikebe miwili huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, bila kukisia, na kukorogwa vizuri hadi chini. Ukishachanganya huna muda wa soga: dawa hupata joto na kuanza kuganda, hivyo changanya kiasi unachoweza kumaliza.

Tulianzia ndani tukirudi nyuma kuelekea mlangoni, mume wangu na brashi kwenye pembe, mimi na rola katikati. Koti la kwanza likiwa bado bichi, tulinyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, ili mguu usiteleze. Kesho yake tukapaka koti la pili, jembamba kama la kwanza. Mkebe wa lita 5, alioutuma shemeji kutoka Mbeya, ulitosha kwa meta zile 10 za mraba. Kisha hakuna gurudumu lililoingia kwa wiki nzima.

Si mambo ya wanaume peke yao

Huenda msomaji anasema sakafu ni kazi ya baba na fundi. Lakini ni nani anayeifagia? Ni mtoto wa nani anayetambaa juu yake? Huko Mexico, jimbo la Coahuila lilianza mwaka 2000 kuwawekea watu maskini saruji juu ya sakafu za udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa minyoo, kuhara na upungufu wa damu vilipungua kwa watoto wadogo, na mama zao waliridhika zaidi na maisha yao. Na asiye na fedha za saruji asikate tamaa. Rwanda, tangu 2014, kampuni ya EarthEnable hutengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa na kufunikwa kwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa magumu. Hata hapo, udongo lazima ukauke kwanza. Nilipomsomea mama habari hiyo, alitabasamu tu.

Mvua mbili zimepita juu ya sakafu yetu. Haijavimba wala kubanduka. Oili ikidondoka nafuta kwa kitambaa, kama yule dada wa Mpanda. Magunia yako juu ya chaga, na mchele una harufu ya mchele. Mama mkwe huingia na ungo wake, ingawa kila mara hugusa kwanza kwa ncha ya mguu, kisha hunitazama, nasi hucheka.

Kina mama, Bwana wetu alisimulia habari ya watu wawili waliojenga, mmoja juu ya mwamba na mwingine juu ya mchanga. Zamani nilidhani mfano ule ni wa kuta na paa. Siku hizi nafikiri juu ya usiku ule niliosema uongo wangu. Nilikuwa nimeipaka nyumba yangu rangi nzuri, na chini yake mna maji. Iliuma kufukua. Lakini mume wangu sasa ananionyesha daftari lake bila kuombwa, nami langu.

Ukitaka kupaka chochote, sakafu au maisha, weka kwanza mkono wako juu yake na utulie. Ukihisi unyevu, usipake. Fukua kwanza.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.