Karatasi Haijui Ngazi

Karatasi ya kumruhusu mgonjwa aende nyumbani huwa na mistari mitatu: dawa, kidonda kisafishwe, arudi kliniki baada ya wiki 2. Daktari akishatia sahihi, lake limekwisha. Langu ndipo linapoanza. Mimi ni muuguzi mratibu, na wengi hudhani mratibu ni karani wa faili.

Bibi mmoja wa Kibokoni, Mombasa, alikatwa mguu kwa ajili ya sukari. Ambulensi ilifika Ndia Kuu, ikakomea hapo. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vya miguu na mkokoteni. Tukamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni. Nikainua macho: ngazi ya mbao, nyembamba, imesimama kama ya kupandia dari, na chumba chake kiko ghorofa ya 2. Muda wote aliolazwa hakuna aliyemuuliza analala juu au chini. Hata mimi. Vijana wanne waliokuwa barazani wakampandisha kwenye kiti cha plastiki, mmoja akipiga kelele, "Polepole, kona hiyo!" Wiki 2 zilipotimia, nani amshushe? Simu yangu ilipopokewa, kidonda kilikuwa kishaanza kunuka.

Oktoba 2024, bima ya afya ya NHIF ilipotoka ikaingia SHA, nilishinda na hiyo simu sikioni. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa husafishwa damu kwa mashine, kwetu kwa kawaida mara 2 kwa wiki. Hangoji mtandao wa SHA urudi. "Sista, si nimeshajisajili?" aliniuliza mama muuza mahamri. Kumbe asiye na ajira rasmi alitakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Alilijua hilo dirishani, siku ya mashine. Mwanawe akatoka mbio kukopa.

Ramadhani nayo ina mambo yake. Chati ya mgonjwa wa sukari inasema sindano asubuhi na jioni. Ya daku haiyajui. Mzee mmoja aliniapia kwamba hafungi, na mkewe nyuma yake ananikonyeza. Siku hizi siulizi "Unafunga?" Huyo nilimwuliza, "Daku mlikula nini, babu?"

"Wali wa nazi, mwanangu."

Basi tukampigia daktari, saa za sindano na vipimo vikapangwa upya. Friji hawana. Insulini huifunga kwenye mfuko na kuining'iniza ndani ya mtungi wa maji. Nimetia mkono: mle mna ubaridi kuliko friji ya wodini kwetu siku stima zikipotea.