Becky Haelewi Kiswahili

Zipo kazi ambazo sikujua kama zipo duniani mpaka nilipokuja kusoma Marekani, na mojawapo ni ya mshauri wa vipindi katika redio ya Kikristo. Nyumbani tunamjua mtangazaji, tunamjua fundi mitambo, tunamjua mchungaji anayeleta neno la asubuhi, na tunamjua mhasibu anayelalamikia bili ya umeme. Mshauri ni mtu mwingine kabisa. Hatangazi, hahubiri, wala haishi katika mji unaosikiliza redio hiyo. Huja kwa ndege mara mbili kwa mwaka, hukaa hotelini siku tatu, husikiliza, huandika ripoti na kuondoka. Baada ya hapo sauti ya kituo kizima hubadilika.

Naandika habari zake kwa sababu wanachama wengi mmekuwa mkiniuliza kilikokwenda kile kipindi cha Kiswahili cha nusu saa tulichokuwa tukikisikia Jumapili jioni. Nilikuwa pale kituoni mihula miwili kwa mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo mnadhani ninajua, na kwa sehemu kubwa ninajua. Majibu yanayozunguka kwenye vikao vyetu, kwamba pesa zimekwisha au kwamba hawa watu hawatupendi, yote mawili si ya kweli. Kituo sitakitaja, na mshauri pia sitamtaja, maana ni mtu mwema na alinifundisha mengi.

Ibada inayohesabiwa kuwa ya kwanza kurushwa na redio hapa Marekani ilitoka katika kanisa moja la Pittsburgh tarehe 2 Januari 1921, kupitia kituo cha KDKA. Kwa miongo mingi baada ya hapo redio ya Kikristo ilikuwa zaidi ni nusu saa za wahubiri walionunua muda: huyu akimaliza anaingia yule, na msikilizaji hajui atakutana na nani akifungua redio saa nne. Vituo vya muziki viliposhamiri mambo yakageuka. K-LOVE, ambayo wengi wenu mnaisikia kwenye magari ya rafiki zenu, ilianza mwaka 1982 kama kituo kimoja huko Santa Rosa, California. Leo inasikika kupitia mamia ya mitambo nchi nzima. Vituo vingi vya namna hii viko kati ya megahezi 88 na 92, sehemu ya masafa iliyotengwa kwa redio zisizo za biashara. Haviruhusiwi kuuza matangazo. Vinaishi kwa michango ya wasikilizaji, na ndiyo maana kuna zile siku ambazo kila baada ya wimbo mnaombwa namba ya kadi ya benki.

Hapo ndipo mshauri anapoingia. Redio inayoishi kwa mkono wa msikilizaji inataka kumjua msikilizaji huyo kwa undani. Washauri wengi walijifunzia kazi katika redio za kidunia, za muziki wa pop na wa country, kisha wakaja na ujuzi huo upande huu.

Na msikilizaji huyo ana jina. Anaitwa Becky. Sitanii, jina hilo linajulikana katika redio nyingi za muziki wa Kikristo nchini humu. Mgeni akiingia studio na kusikia mkurugenzi akimwambia mtangazaji, "Becky hatalielewa hilo," anaweza kudhani Becky ni mfanyakazi wa ghorofa ya juu. Kumbe ni mtu wa kubuni. Ni mama wa miaka thelathini na kitu au arobaini na kitu, ana watoto, anaendesha gari la familia, amechoka, anampenda Mungu, na hataki kusikia ugomvi wa siasa watoto wakiwa kiti cha nyuma. Kila wimbo, kila mzaha, hata sala, hupimwa kwake. Wimbo mpya kwanza hupigwa kipande cha sekunde chache tu kwa watu wanaofanana naye, nao husema kama wanaupenda au wameuchoka. Ukiuliza kwa nini wimbo fulani unarudi kila baada ya saa chache mpaka unauota usingizini, jibu ni Becky.

Kumpima kuna utaratibu wake. Katika mji mdogo kama wetu, kampuni ya Nielsen huchagua kaya na kuzipelekea vijitabu kwa posta. Mtu huandika kwa siku 7, kuanzia Alhamisi hadi Jumatano, alisikiliza kituo gani na kuanzia saa ngapi. Hesabu hufanywa kwa robo saa: ukisikiliza dakika 5 ndani ya robo, umehesabiwa robo nzima. Ndiyo sababu mtangazaji akikuahidi jambo tamu, huliweka ng'ambo ya robo saa, akuvushe. Mshauri wetu alikuwa akichora duara kama uso wa saa na kulikata vipande: hapa wimbo, hapa sekunde 20 za maneno, hapa wimbo unaojulikana zaidi. Nilibaki nikilitazama lile duara kama mtoto anayetazama keki ya mwenzake.

Lakini kazi yake niliyoipenda ni kusikiliza rekodi pamoja na mtangazaji. Anakaa naye chumbani, mlango umefungwa, wanasikiliza kipindi cha jana. Ghafla anabonyeza kitufe na kusema, "Hapa nimezima redio." Hasemi umekosea. Anasema yeye kama msikilizaji ameshaondoka, kisha anauliza kwa nini. Alimwonya mmoja asiseme "nyote mnaotusikiliza huko mliko", kwa sababu ndani ya gari mtu yuko peke yake. Zungumza na huyo mmoja. Mwingine alimwambia akate sekunde 40 za mwanzo, kwani kitu chenyewe kilianzia ya 41. Nilizikumbuka hotuba zetu za "awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu", nikatamani tungemwazima kwa mahafali moja tu.

Mimi nimekulia Marangu, na babu yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alipenda kusimulia habari za Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa. Kituo kile kilikuwa cha Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kilianza mwaka 1963, na serikali ya Ethiopia ikakichukua Machi 1977. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi, kanda zikapelekwa Addis Ababa, kisha sauti ikarudi kwetu mlimani kwa mawimbi mafupi. Waliokipanga kituo kile waliamua kwamba takriban asilimia 30 ya muda iwe mahubiri na ibada, na asilimia 70 iwe habari, elimu, afya, mambo ya kuendeleza maisha. Nao walikuwa washauri wa vipindi, ingawa sijui kama kuna aliyewaita hivyo. Nao pia walikuwa na mtu wao vichwani, ila wa kwao hakuwa na gari. Babu, pamoja na uzee wake wa kanisa, alikumbuka taarifa ya habari kuliko mahubiri.

Turudi kwenye kipindi chetu. Kilikuwa kikiendeshwa na mchungaji mmoja mzee kutoka Uvira, tunayemwita Papa Pasta. Kituo kilimpa nusu saa miaka kadhaa iliyopita, Wakongo walipoanza kuwa wengi katika mji huu, na hakuna aliyeigusa kwa sababu hakuna aliyeielewa. Mshauri alipokuja mara ya pili akasema anataka kusikia kila kitu kinachorushwa, pamoja na hicho. Nikaitwa nikatafsiri.

Tukakaa. Rekodi ikaanza. Baada ya dakika moja akauliza, "Anasema nini?" Nikamwambia anasalimia. Dakika ya tatu akauliza tena. Nikamwambia bado anasalimia. Aliwasalimia watu wa Baraka na wa Fizi, wale wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, mama fulani aliyejifungua na mumewe, wagonjwa kwa majina, na vijana "ambao tunawaona lakini hawatuoni". Dakika ya sita mshauri akatabasamu, akasema Becky amefika nyumbani, amepika na amelala.

Nilimweleza kwamba kwetu salamu ni kipindi kamili. Nilimsimulia kadi za salamu, watu walivyonunua kadi, wakaandika majina ya ndugu na marafiki, wakaipeleka redioni na kusubiri siku nyingi ili jina lisomwe kwa sekunde mbili. Alisikiliza vizuri, tena akaandika. Ndipo tukafika dakika ya 19. Papa Pasta alisema kwamba Alhamisi saa tano usiku inafika familia ya watu saba kutoka kambi ya Nyarugusu, mmoja ni bibi asiyeweza kutembea, na mwenye gari kubwa ampigie simu. Kisha akaingia kwenye wimbo.

Mshauri akasimamisha rekodi. Akaniomba nirudie neno kwa neno. Akauliza, "Gari lilipatikana?" Nikamwambia yalikuja matatu. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema ndicho kitu bora alichokisikia tangu ashuke kwenye ndege, na kwamba kimefichwa dakika ya 19 mahali ambapo nusu ya watu wameshaondoka. Hilo lilinikaa. Hakujua neno hata moja la Kiswahili, na bado alijua moyo wa kipindi uko wapi.

Ripoti ilipotoka, kipindi cha Kiswahili kilipewa mistari minne. Kiondolewe kwenye masafa makuu. Sababu yake ni hii: Becky akirudi nyumbani Jumapili jioni na kukuta lugha asiyoielewa, anahamia kituo kingine, na Jumatatu asubuhi akiwasha gari, redio iko palepale alipoiacha. Kwa hiyo nusu saa ya Jumapili inagharimu wiki nzima. Hoja hiyo nimeijaribu kila upande, siwezi kuivunja. Kwa anayeitafuta Becky, ni kweli tupu.

Shida yangu iko nyuma ya hoja. Kile kijitabu hutolewa kwa Kiingereza na Kihispania. Mama anayetoka kiwandani alfajiri, anayesoma Kiswahili na Kibembe, akikipata kwenye sanduku la barua hukitupa pamoja na karatasi za punguzo la pizza. Anaweza kukisikiliza kipindi kila Jumapili kwa miaka mitano bila kuacha alama yoyote mahali popote. Na michango? Nilikuwa nikiingiza majina ya wafadhili kwenye kompyuta, kwa hiyo hili nililiona kwa macho yangu. Watu wa Papa Pasta hawakutoa kwa kadi ya benki. Walichanga noti kanisani, wakazitia kwenye bahasha moja, na mzee akaileta mwenyewe akiwa amevaa suti. Siku moja alinihesabia: watu 43. Kwenye kompyuta bahasha ilisomeka mfadhili mmoja.

Nilimwambia mkurugenzi jambo hilo. Hakulipuuza, aliliandika, akaniuliza maswali. Lakini ratiba mpya ilikuwa imeshachapishwa. Wakatupa badala yake nafasi kwenye chaneli ya pili ya kidijitali, ile inayohitaji redio ya aina mpya. Papa Pasta alishukuru sana, kisha akaniomba tutoke naye mpaka kwenye maegesho ya kanisa lake baada ya ibada. Tukapita gari kwa gari. Redio hiyo ilikuwamo katika magari mawili, na moja lilikuwa la mgeni.

Sasa basi, kwa wanaouliza: kipindi hakijafa. Tangu mwaka 2000 kuna leseni za redio ndogo za jamii zisizozidi wati 100, zinazofika kilomita tano au sita hivi, na kanisa moja la upande wa mashariki ya mji lina leseni hiyo. Majengo wanamokaa Wakongo wengi yako ndani ya duara hilo, na sisi wa chuoni tukikaa upande wa maktaba tunaipata kwa mikwaruzo. Wametupa Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Mimi ninahariri, wanachama wawili wa klabu hii wanasoma habari, na bado tunahitaji mtu wa kupokea simu.

Nimemwambia Papa Pasta yale ya mshauri: zungumza na mtu mmoja, usitangaze kwamba utatangaza, habari ya gari iwe mwanzo kabisa. Ameyakubali karibu yote. Majina ya wagonjwa sasa yanakuja baada ya wimbo wa pili, na matangazo ya uwanja wa ndege yanasomwa mara mbili. Kwenye salamu tu ndipo tumekwama. Nilimwambia habari ya gari itangulie, salamu zifuate. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyelelewa vibaya bila kosa lake.

"Binti," akasema, "mutu asikusalimie, kiisha akuombe motokari, utamupatia?"

Nikamwomba basi salamu ziwe dakika mbili. Yeye anataka tano. Wiki iliyopita zilikuwa nne na nusu, na nilipotaka kukata majina ya mwisho niliona la mwisho kabisa ni langu.