Akihabara: Mtaa wa Akiba kwa Mwenye Akiba Ndogo

Katika jiji la Tokyo, makao makuu ya Japani, vituo viwili tu vya treni kaskazini ya stesheni kuu, upo mtaa uitwao Akihabara. Wenyeji hupenda kulifupisha jina hilo na kuuita mtaa wao Akiba. Neno hilo la Kijapani halina undugu wowote na akiba waijuayo Waswahili. Hata hivyo, kwa mtu mwenye fedha chache aendaye huko kujinunulia kompyuta, maneno hayo mawili hukutana mlangoni mwa kila duka.

Jina lenyewe lilitokana na msiba. Mwaka 1869 moto mkubwa uliteketeza nyumba za eneo hilo. Serikali ikaamua kuacha uwanja mtupu ili moto mwingine usipate njia ya kuvuka, na hekalu dogo la kuomba kinga ya moto likajengwa hapo. Watu wakadhani kwamba aabudiwaye humo ni Akiba, mungu mashuhuri wa kuzuia moto, wakauita uwanja huo kwa jina lake. Mwaka 1890 stesheni ya mizigo ikafunguliwa, na jina likabaki hata leo.

KUTOKA REDIO HADI KOMPYUTA

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa majivu. Watu walitamani kusikia habari, lakini redio zilikuwa adimu. Wachuuzi wakatandaza kando ya barabara valvu, nyaya na vipuri vingine, baadhi yake vikiwa vimetoka katika maghala ya jeshi. Wanafunzi wa chuo cha ufundi wa umeme kilichokuwa jirani walivinunua, wakaunda redio kwa mikono yao na kuziuza. Mwaka 1949 mamlaka iliamuru vibanda vya barabarani viondolewe. Wachuuzi wale hawakutawanyika, bali walipatiwa nafasi chini ya daraja la reli.

Huko chini ya reli maduka ya namna hiyo yangalipo. Vichochoro ni vyembamba hata watu wawili hupishana kwa shida. Muuzaji huketi katikati ya visanduku vidogo vilivyojaa swichi, taa na nyaya za kila rangi, na treni ipitapo juu hunguruma kama radi ya mbali.

Mwaka 1976 mtaa uligeuka tena. Kampuni ya NEC ilitoa mashine iliyoitwa TK-80, ikauzwa kwa yeni 88,500 ikiwa vipande, na mnunuzi alitakiwa kuilehemu mwenyewe. Haikuwa na kioo cha kuonyesha picha, ila tarakimu nane za taa nyekundu. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 512, ambayo haitoshi kuhifadhi hata ukurasa mmoja wa gazeti. Mashine hiyo ilikusudiwa wahandisi, lakini watu wa kawaida waliigombania. Kampuni ikafungua chumba cha kuwasaidia wanunuzi katika jengo la Radio Kaikan, mbele ya stesheni. Jengo la zamani limekwisha kubomolewa, na jipya lilifunguliwa mahali pale pale mwaka 2014.

MNUNUZI NA ORODHA YAKE

Siku hizi mtaa umejaa pia maduka ya vikaragosi, na wageni wengi huja kwa ajili hiyo. Lakini katika barabara kuu na vichochoro vya nyuma yangalipo maduka ya vipuri vya kompyuta, yenye ghorofa kadhaa, kila ghorofa na bidhaa zake. Hapo huja kijana ambaye amejinyima kwa miezi mingi ili aunde kompyuta ya kuchezea michezo. Kosa moja laweza kumpotezea nusu ya jasho lake. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara haingii dukani bila karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la kwanza aandikalo si jina la kipuri, bali kazi ya mashine. Kioo chake kina ukubwa gani, na michezo aipendayo ni ipi? Mwenye kioo cha kawaida, cha nukta 1920 kwa 1080, hahitaji kadi ya picha iliyoundwa kwa kioo chenye nukta mara nne ya hizo. Katika kompyuta ya michezo kadi ya picha ndiyo ifanyayo kazi nzito, kwa hiyo mafundi wengi huitengea fungu kubwa zaidi, kati ya theluthi moja na nusu ya fedha zote.

Pili ni prosesa, yaani ubongo wa mashine. Prosesa dhaifu huichelewesha kadi yenye nguvu, na prosesa ya bei kubwa mno hula fedha za kadi. Mwenye haba ya fedha aweza kuchagua prosesa yenye uwezo wake wenyewe wa kuonyesha picha, akacheza michezo myepesi huku akijiwekea fedha za kadi ya baadaye. Lakini si kila prosesa ina uwezo huo, na wasiosoma maandishi ya boksi hufika nyumbani wakakuta kioo cheusi.

Tatu ni madabodi, ubao unaounganisha vipuri vyote. Hapa ndipo wengi huteleza. Kila prosesa ina tundu lake. Prosesa za AMD za tundu la AM4 hutumia kumbukumbu za aina ya DDR4, na zile za AM5 hutumia DDR5. Kumbukumbu za aina moja haziingii katika nafasi ya nyingine. Tena vijiti viwili vya gigabaiti 8 kwa kawaida hufanya kazi haraka kuliko kijiti kimoja cha gigabaiti 16, kwa sababu prosesa huvisoma kwa pamoja. Baadhi ya maduka ya Akihabara huuza dhamana ya ulinganifu: mnunuzi huongeza fedha kidogo, na vipuri visipopatana huruhusiwa kubadilisha.

Kumbukumbu hizo ndizo zilizowatia wanunuzi mashakani mwishoni mwa mwaka 2025. Viwanda vilielekeza nguvu kwa vituo vikubwa vya akili bandia, bei zikapanda ghafla, na baadhi ya maduka ya mtaa huo yakaweka kikomo cha idadi ambayo mteja mmoja aliruhusiwa kununua. Aliyekuwa na orodha ya mwezi uliopita alilazimika kuiandika upya.

RAHISI HUWA GHALI

Kipuri kidharauliwacho kuliko vyote ni pawa saplai, kisanduku kigawacho umeme. Hakiongezi uzuri wa picha, kwa hiyo wengi hukinunua kwa fedha zilizosalia. Lakini kisanduku duni kikiungua, chaweza kuondoka na madabodi na kadi pamoja. Mashine nyingi za daraja la kati hutoshelezwa na wati 550 hadi 650 kutoka kwa mtengenezaji mwenye sifa. Aendaye huko kutoka Afrika Mashariki na aongeze tahadhari moja: umeme wa Japani ni volti 100, na wa nyumbani kwetu ni kati ya 220 na 240. Kisanduku kifaacho ni kile kilichoandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240.

Zipo pia rafu za vitu ambavyo Wajapani huviita janku, vinavyouzwa bila dhamana yoyote. Fundi mzoefu huokota lulu humo. Anayejifunza hushauriwa achukue kasha au feni tu, na vipuri vya umeme avinunue kwa risiti.

Jioni taa za rangi huwaka, na wanunuzi huelekea stesheni na mifuko yao. Nyumbani kijana husafisha meza, hugusa chuma kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha huvipachika vipuri kimoja kimoja pasipo kulazimisha, kwa maana kipuri kikataacho kuingia huenda si mahali pake. Risiti na maboksi huvihifadhi mpaka muda wa dhamana upite. Mwisho hubonyeza swichi. Feni zikizunguka na kioo kikiwaka, yaliyobaki katika pochi yake ni machache, lakini hakuna yeni iliyopotea njiani.