Bolti Hukazwa Gari Likiwa Chini

Pikapu ikizeeka, mbele ndiko hutoa siri. Hilux ya marehemu baba, ya 1994, ilikuwa imeanza kuinamia upande wa dereva. Ikipita kwenye matuta iligonga "ko! ko!", na tairi ziliisha upande wa ndani huku upande wa nje ungali na meno. Ndugu yangu mdogo, anayeitumia kubeba kabeji kutoka Kinangop hadi Naivasha, alikuwa na dawa tayari.

"Tuipandishe tu mbele. Tukimaliza pesa hapa, mbegu za viazi tutanunua na nini?"

Kuipandisha si kazi. Hilux hizi mbele hazina springi za duara. Zina fimbo mbili ndefu za chuma zilizolala chini ya gari, kila moja ikishikwa mwisho mmoja na mkono wa gurudumu na mwingine na chesisi. Gurudumu likipanda, fimbo hujisokota, likishuka, hujirudi. Ukikaza bolti iliyo mwisho wa fimbo, pua ya gari huinuka.

"Hiyo ni kupaka mgonjwa poda," fundi akasema. Alipiga jeki, akaingiza mtaimbo chini ya tairi, akaisukuma juu. Boljointi ikacheza. "Hii ikichomoka kwa mteremko, gurudumu linalala. Hapo hata usukani haukusaidii. Na si nyinyi hubeba watu juu ya hizo kabeji?"

Ndugu yangu akanyamaza. Nikampigia mama simu.

"Mbegu zinakopeka," akasema. "Mtoto hakopeki."

Nikashuka Kirinyaga Road, ambayo wazee wa spea bado huiita Grogan. Fundi alikuwa ameniagiza: mkono wa chuma uliotumika ni sawa bora haujapinda, lakini boljointi na bushi ziwe mpya.

Kazi ilichukua siku mbili. Kabla ya kung'oa zile fimbo alizitia alama za rangi, kwa sababu ya kushoto na ya kulia hazibadilishani. Kila moja imetengenezwa kujisokota upande wake. Bushi kuukuu zilitolewa kwa presi, mpira umepasuka kama kisigino cha kiangazi.

Nilidhani angekaza kila kitu gari likiwa bado juu. Bolti za bushi alizifikisha tu, hakuzikaza. Alirudisha tairi, akashusha gari, akaitikisa pua mara kadhaa hadi ikatulia, kisha akaingia shimoni na spana.

"Mpira wa bushi unashikwa katikati," akasema kutoka chini. "Ukiukaza magurudumu yakining'inia, ukishusha gari unasokotwa, na unabaki hivyo siku zote. Utachanika mapema. Unakaza uzito ukiwa umekaa."

Tulitoka hapo moja kwa moja kwenda kupima alaimenti. Kelele iliisha, usukani ukanyooka.

Siku ya soko, akina mama wawili waliomba kupanda juu ya mzigo kama kawaida.

"Si mmetengeneza gari?" mmoja akauliza.

"Tumetengeneza, mama," ndugu yangu akajibu. "Lakini huko juu hakuna mkanda. Mbele kuna kiti kimoja. Amueni nani anatangulia."