Kwa Sababu Gani Nimerudi Chuoni



Wengi mnaonijua mmeniuliza, tena kwa upole, neno moja: mtu wa miaka 36, mwenye mke na watoto watatu, mwenye cheti cha ualimu na kazi ya miaka 14, ametafuta nini tena chuoni? Wengine wamenijibia wenyewe, wakisema nimefuata mshahara. Neno hilo silikani lote. Mwenye stashahada hulipwa zaidi ya mwenye cheti, na watoto wangu hula kama watoto wa watu wengine. Lakini kama ingekuwa mshahara tu, nisingalishika kalamu. Iko sababu nyingine, nayo nimeificha muda mrefu kwa kuwa ni ya aibu. Sharti niieleze kwanza, ndipo mpate kuyaelewa ninayoyatumaini huku.

Nalianza kazi katika shule moja ya Bonde, wilaya ya Muheza, katika nchi ya michungwa. Nalikuwa na miaka 22, nikapewa darasa la kwanza, watoto 94 katika chumba kimoja. Nalijisifu kwa sauti yangu kubwa. Nikaandika silabi ubaoni, ba, be, bi, bo, bu, nikazigusa kwa kijiti, nao watoto wakaitikia pamoja, hata wapitao njiani wakasimama kusikiliza. Kabla ya mwaka kwisha darasa zima lilisoma kitabu toka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho pasipo kukwama. Mwalimu mkuu akanisifu. Wakaguzi walipokuja, nao wakanisifu. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka wa pili nikafundisha vile vile, na wa tatu vile vile.

Katika mwaka wangu wa tatu alikuwamo darasani mtoto mmoja, mwana wa mjane, mtulivu, asiyekosa shule hata siku za mvua. Siku moja alikuwa akisoma kwa sauti, wala hakukosa neno. Nikatazama mikono yake, nikaona kitabu amekishika juu chini. Nikacheka, na darasa zima likacheka. Nikamgeuzia kitabu, nikaendelea na somo.

Hapo ndipo nalipokosa. Kucheka kulikuwa kubaya, lakini kuendelea na somo kulikuwa kubaya zaidi. Kitabu kile kilikuwa kikinieleza wazi kwamba mtoto huyu hasomi, bali anaimba, nami sikusikia. Akapanda darasa la pili, akapanda la tatu. Alipofika la tano akaacha shule, na sisi waalimu tukasema ni mvivu.

Miaka ikapita. Jioni moja, mwaka juzi, alikuja nyumbani kwangu kijana mrefu, akabisha hodi, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu," nikamjua kuwa ni yeye. Alikuwa akiendesha pikipiki ya abiria. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akasema, "Mwalimu, naomba unisomee hii."

Ilikuwa mkataba wa ile pikipiki. Yeye aliambiwa kwa mdomo kwamba atamlipa mwenye mali shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 12, kisha pikipiki itakuwa yake. Karatasi ilisema miezi 18. Tena ilisema kwamba akikosa kulipa siku 3 mfululizo, pikipiki itarudi kwa mwenyewe, na fedha zilizokwisha kulipwa hazitarudishwa. Kijana alikuwa amelipa miezi 11, yaani zaidi ya shilingi 3,000,000. Akaugua malaria siku 4, na pikipiki ikachukuliwa. Hakuja kwangu kulalamika. Alitaka kujua tu kama ni kweli karatasi inasema hivyo. Nikaisoma mara mbili, nikamwambia ni kweli. Chini palikuwa na alama ya dole gumba lake.

Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuileta kabla ya kutia dole?"

Akatazama chini, akasema, "Naliona haya, Mwalimu. Watu wote wanajua nimesoma kwako."

Usiku ule sikupata usingizi. Nalifikiri juu ya wale 94, na wale waliowafuata mwaka kwa mwaka, nikajiuliza ni wangapi niliowafundisha kuimba nikadhani nimewafundisha kusoma. Hesabu hiyo sikuipata, kwa maana sikupata kumwuliza mtoto mmoja mmoja. Kulipokucha nikamwambia mke wangu kwamba nataka kurudi chuoni.

Wako wanaodhani kwamba mwalimu kuketi tena dawatini ni kushuka. Hata kule Bonde tunakumbuka kwamba zamani za misheni vijana wa Magila walivushwa bahari kwenda Unguja, katika chuo cha Kiungani, wapate kurudi kuwa waalimu wa ndugu zao, hawakuona mbali. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwisha kupata stashahada ya ualimu Makerere mwaka 1945, akafundisha St. Mary's, Tabora; na mwaka 1949 akaondoka kwenda Edinburgh, Uskoti, akawa mwanafunzi tena hata mwaka 1952. Aliporudi akafundisha Pugu. Ikiwa yeye hakuona aibu, mimi ni nani?

Basi haya ndiyo ninayoyatumaini.

Tumaini langu la kwanza ni kujua kazi ya kufundisha kusoma kama fundi ajuavyo mbao zake. Lugha yetu imetufanyia wema mkubwa katika jambo hili. Ina irabu tano, na kila irabu ina sauti yake moja isiyobadilika; ajuaye m na a amejua ma, na ajuaye ma ameweza kuandika mama. Lakini njia haiendi tambarare hata mwisho. Mtoto akitoka katika ma na ka akafika katika mb, nd, ny na mw, hapo wengi hukwama. Akiona ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, hajui kwamba alama ile ndogo juu ni kitu. Na sisi tuliokulia katika lugha za bara huandika zahabu badala ya dhahabu, kwa kuwa ndivyo tutamkavyo. Miaka 14 nalivipita vituo hivi mbio, kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa hasa katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Nalifurahi, lakini mtaala haufundishi wenyewe. Hungoja mtu ajuaye.

Tumaini la pili ni kujua namna ya kumtafuta mtoto asiyejua, maana yeye hujificha, na mwalimu humsaidia kujificha. Hili nalilipata kwa uchungu. Katika mwezi wangu wa tatu hapa tulipelekwa shule ya mazoezi kufundisha mbele ya wenzetu. Vijana wa miaka 20 walitetemeka, lakini mimi, mwenye kazi ya miaka 14, nalisimama kwa kiburi. Nikafundisha vizuri, kama nilivyodhani. Watoto wakajibu, darasa likachangamka. Mwisho wa somo mkufunzi wetu, mwanamke aliye mdogo kwangu kwa umri, akafungua daftari lake, akasema, "Mwalimu, umeuliza maswali 19. Kumi na matano yamejibiwa na watoto wanne, nao wote wameketi mbele. Wale wa dirishani umewauliza nini?"

Sikuwa na jibu. Sikuweza kukumbuka hata sura moja ya wale wa dirishani.

Tumaini la tatu ni la nafsi yangu zaidi kuliko la kazi. Natumaini kuwa mtu awezaye kuambiwa amekosa. Ualimu una hatari hii, kwamba tangu asubuhi hata jioni mtu huwa mbele ya watu ambao hawawezi kumsahihisha. Baada ya miaka, sikio lake hufa kwa sauti yoyote isiyo yake. Huku chuoni wenzangu huniita mzee, nao hunifundisha kutumia kompyuta kwa subira ambayo mimi sikuwapa watoto wangu wa darasa la kwanza. Siku ile ya maswali 19 nalitaka kumjibu mkufunzi kwa hasira. Nikanyamaza, na jioni nikamwendea, nikamwomba anionyeshe daftari lake namna alivyolichora, majina ya watoto upande mmoja na alama ya kila swali upande wa pili. Sasa ninalo daftari kama hilo. Yamkini hili ndilo jambo kubwa nililojifunza mpaka leo, nalo halipo katika kitabu chochote.

Ninayo na matumaini mengine madogo. Nataka Kiingereza changu kinyoke, maana watoto wetu wamalizapo shule ya msingi hukutana nacho ghafula katika sekondari, somo baada ya somo, na mwalimu asiyekijua hawezi kuwatayarisha. Na mshahara nimekwisha kuutaja.

Lakini matumaini ya mtu mmoja huchukuliwa na mabega ya wengine. Ada yangu hutoka katika machungwa. Mke wangu ameachiwa shamba, watoto watatu na madalali wa machungwa, na bei ikianguka, ni yeye anayelala akiwaza. Siku nalipoaga hakulia, wala hakunisifu. Alinivuta kando, akasema, "Mtoto wetu wa pili yuko darasa la tatu. Jana nalifunika picha katika kitabu chake nikamwambia asome. Hakuweza. Ukiijua huko namna ya kumfundisha, usingoje cheti, tuletee habari."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Mwenye nyumba inayovuja hakuwa mwingine ila mimi.

Basi kila Jumapili jioni humpigia simu, nikamweleza nililolipata juma lile. Amekata vipande vya maboksi, akaandika silabi moja katika kila kipande, nao watoto huzipanga mezani baada ya kula. Nanyi wazazi mwaweza kufanya hivyo, haigharimu kitu. Tena mpimeni mtoto kwa njia hii: msimwambie asome ukurasa toka mwanzo, maana ataimba. Funika picha. Mwonyeshe neno la mwisho, kisha la katikati, kisha jingine. Mwandikie neno ambalo halimo kitabuni, kama jina la jirani. Akikwama, msimpige wala msimcheke. Mpelekeni kwa mwalimu wake, mkamwambie kwa heshima, "Mwalimu, mtoto huyu bado." Na wewe mwalimu mwenzangu, ukiambiwa hivyo, usikasirike. Mimi hakuna aliyeniambia, na yule aliyelipa ni mtoto wa mjane.

Habari zake ni hizi. Likizo ya Juni nalimtafuta, naye akanikwepa mara mbili. Mara ya tatu nikamkuta kituoni, nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekosa, si wewe. Nipe nafasi ya pili." Hakujibu neno siku ile. Kesho yake usiku akaja. Tulisoma mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa bado anaona haya, na mke wangu akatuwekea taa na chai. Nalipoondoka, mke wangu akashika kazi hiyo mwenyewe. Juma lililopita aliniambia kwa simu kwamba wamefika silabi za mb na nd, na kwamba kijana ameanza kusoma maneno yaliyoandikwa nyuma ya mabasi.

Imesalia miezi mingi kabla sijamaliza chuo, na sijui kama nitafaulu mitihani yote. Lakini nikirudi nimekusudia kumwomba mwalimu mkuu anirudishe darasa la kwanza, na mtakaopita njiani mkisikia kimya katika chumba changu, msidhani nimelala. Nitakuwa nimeinama kwa mtoto mmoja, karibu na dirisha.