Kompyuta Mpya na Amana za Watu



Binti yetu hupiga picha katika harusi za wanawake. Aliyelelewa pwani hii anaujua uzito wa kazi hiyo. Usiku wa hina na siku ya kupamba, bibi harusi hukaa mbele ya wanawake wenzake bila buibui wala mtandio, na wageni huombwa wasitoe simu zao. Mpiga picha peke yake ndiye huruhusiwa. Atokapo mlangoni, ndani ya kadi ndogo ya kamera huwa amebeba sitara ya nyumba nzima.

Kwa muda mrefu kazi ya kuzitengeneza picha hizo aliifanya kwenye kompyuta za kukodi kwa saa. Siku moja alirudi nyumbani uso umemshuka. "Mama," alisema, "picha za wiki jana nilizifuta, lakini leo nimezikuta zingali kwenye pipa la taka la mashine ile ile." Siku sita zilikuwa zimepita. Ni nani aliyekalia kiti kile katika siku hizo, na alifungua nini, hatukuwa na njia ya kujua.

Tulishauriana sisi wazazi wawili, tukaona hapana budi kumweleza mwenye amana. Tulikwenda kwa mamake bibi harusi pamoja na binti yetu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mmekuja wenyewe kunambia, nami nimewasamehe. Lakini nyuma ya huyu nina binti mwingine." Hakuongeza neno. Tulirudi kwetu kimya.

Zamu yetu ya mchezo iliangukia mwezi uliofuata. Fedha hizo tulikuwa tumezipangia mabati ya jikoni, maana masika yakija maji hudondoka juu ya meko. Mkopo wa riba hatukuutaka. Basi ilikuwa ama mabati, ama kompyuta. Na kwa kuwa fedha hazikutosha kukosea mara mbili, tuliazimia kukijua kitu chenyewe, uzuri wake na ila zake, kabla ya kutoa hata shilingi.

Binti alipenda kompyuta ya kubeba, ile ya kukunjwa na kutiwa mkobani. Sisi tulikumbuka ni mikoba mingapi imewahi kusahauliwa ndani ya tuktuk, na ni mara ngapi kitu chepesi huazimwa na jamaa "kwa dakika tano". Tulitaka kifaa kisichotoka nyumbani. Baada ya kuuliza na kulinganisha, tuliangukia Mac mini ya Apple yenye chipu ya M4, iliyoingia sokoni Novemba 2024.

Uzuri wake ni huu. Ni kisanduku cha sentimita 12.7 kila upande na kimo cha sentimita 5. Kingeweza kukaa juu ya sinia ya kahawa na vikombe vikapata nafasi. Kumbukumbu yake huanzia gigabaiti 16, ilhali ile iliyoitangulia ilianzia 8, na kwa kazi ya picha tofauti hiyo huonekana. Hufanya kazi kwa utulivu, na haili umeme mwingi. Ukiiwekea ulinzi wa FileVault, aliyeiiba hawezi kusoma kilichomo bila ya nenosiri. Tena haina kamera wala kinasa sauti ndani yake. Wako wanaolihesabu hilo kuwa upungufu. Sisi, wenye nyumba ambamo wanawake hukaa wamejifungua mitandio, tulilihesabu kuwa neema.

Lakini kizuri hakikosi ila, na ila zake tulizihesabu pia. Ya kwanza ni kwamba unanunua kisanduku peke yake. Ndivyo Mac mini zilivyo tangu ya kwanza mwaka 2005: skrini, kibodi na kipanya ni juu yako. Bei ya Marekani ilitangazwa kuwa dola 599, nasi tukapaswa kuongeza nauli, ushuru na faida ya muuzaji. Tulidhani tutaponea kwenye televisheni ya sebuleni, kwani waya wa HDMI huingia bila taabu. Binti ndiye aliyetuzindua. "Baba, hizi picha nitazifungua vipi sebuleni, kaka zangu wakipita?" Tukanunua skrini iliyokwisha kutumika, tukaiweka chumba cha ndani, ikiupa mlango kisogo.

Ila ya pili ni ghala lake dogo. Gigabaiti 256 husikika nyingi mpaka uzipigie hesabu. Harusi moja ya picha 1,500, kila picha ikiwa na megabaiti 25, hula karibu gigabaiti 38. Harusi saba zingelijaza ghala zima, na bado hujahesabu programu. Kupata gigabaiti 512 kulihitaji dola 200 zaidi, yaani thuluthi ya bei ya kompyuta nzima. Tulichukua ile ndogo, tukanunua diski ya nje, nayo tukaifunga kwa nenosiri. Kumbukumbu yenyewe haiongezeki baadaye: ulivyonunua ndivyo utakavyokaa nayo mpaka mwisho wake.

Ya tatu, haina tundu la kadi ya kamera, wala tundu za USB za zamani ambazo flashi zetu zote huingia. Kwa hiyo ikabidi kutafuta kiunganishi. Kitufe cha kuwashia nacho wamekiweka chini, pembeni mwa nyuma, hata kila asubuhi huinua kisanduku kama anayetafuta sarafu iliyoangukia chini ya sahani.

Ya nne ndiyo iliyotuuma. Kompyuta ya mezani haina betri. Wiki ya pili umeme ulikatika usiku, na kazi ya saa tatu ambayo binti hakuwa ameihifadhi ikapotea. Hakulia, ila tulimsikia akivuta pumzi. Tukarudi dukani kununua betri ya akiba, ambayo humpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayepiga hesabu ya kompyuta ya mezani katika mji wetu, na aitie betri hiyo ndani ya bei tangu mwanzo.

Tulipojumlisha skrini, diski, kiunganishi na betri, gharama ilikuwa imekaribia kuipita ile tuliyoiogopa ya kompyuta ya kubeba. Hatuwafichi hilo. Na masika yalipofika, sufuria ilikaa juu ya meko kukinga maji. Tuliichungulia mara nyingi, tukiulizana kama tumefanya sawa.

Jawabu lilikuja baada ya Idi. Mamake bibi harusi yule alileta salamu: binti yake wa pili anaolewa, na mpiga picha ni binti yetu, kwa sharti moja. Picha zikisha kukabidhiwa, zifutwe mbele ya macho yake.

Kompyuta ya kubeba ingepelekwa kwake. Yetu haibebeki kwa wepesi na skrini yake na waya zake, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuja. Alikaribishwa chumba cha ndani, akaletewa kahawa na halua, akavuta kiti. Binti alimfungulia kisanduku, kisha diski ya nje, kisha kadi ya kamera. Akafuta moja baada ya nyingine, na pipa la taka akalimwaga mwisho, akimwonyesha kuwa ni tupu. Mama yule aliuliza, "Na kwengine?" Binti akajibu, "Hakuna kwengine, mama. Humu ndimo zilimokaa tu."

Alinyanyua kikombe chake, akanywa kahawa yake yote.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzirudisha amana kwa wenyewe. Mabati tutayanunua zamu ijayo, inshallah.